Ndege ya Kujijengea: Yale Tuliyochunguza Kabla ya Kuwajibu Ndugu Zetu wa Marekani

(Mazungumzo ya komisheni ya ufundi mbele ya mkutano mkuu wa wanachama)

 

Komite ilitupa kazi moja, nayo ni kuchunguza ile zawadi ya ndege, tuseme kama inafaa au haifai, na kwa nini. Tumeifanya kazi hiyo kwa muda wa miezi minne. Tumesoma, tumeuliza mafundi, tumeongea na ndugu zetu kwa simu usiku, wakati kule kwao ni mchana. Leo tunaleta jibu. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, maana tukisema mwisho kwanza, nusu ya vijana watatoka nje.

Kwanza tukumbushe jambo lilivyoanza. Ndugu wawili tuliokuwa nao kambini Nyarugusu walipelekwa Marekani, na sasa wanafanya kazi huko katika kiwanda cha mabati. Hawajatusahau. Kila mwaka wanatuma mchango. Huko wamejiunga na watu wanaojenga ndege ndogo nyumbani kwao, katika gereji ya gari. Wameanza kujenga moja. Mkia umekwisha, bawa moja limekwisha, la pili liko mezani. Wametuandikia hivi: tukimaliza, tuiweke kwenye kontena, tuilete Baraka, ibebe wagonjwa na wamama wenye uchungu wa kuzaa kutoka vijiji vya Ubwari na kusini, wasife tena njiani. Wanaomba tu muungano na wafadhili walipe moteri na usafiri.

Ndugu, hiyo barua ilituliza. Sisi tuliorudi kwa meli kutoka Kigoma, tangu ile 2005 walipoanza kuturudisha, na wale waliofuata baada ya Lugufu kufungwa 2009, tunajua maana ya kukumbukwa. Na humu ndani kuna familia zilizopoteza mtu juu ya maji, boti imezima moteri, upepo umeamka, pwani iko mbali. Kwa hiyo hatukuichukua barua hii kama mchezo. Lakini upendo ni upendo, na kilo ni kilo. Tuliamua kupima kilo.

Ndege ya kujijengea ni kitu gani?

Si mchezo wa watoto, wala si uzushi. Marekani watu wanafanya kazi hii kwa miaka mingi. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha huko Milwaukee chama cha wajenzi wa ndege kinachoitwa EAA, na mpaka leo kila mwaka ndege kwa maelfu zinakutana Oshkosh. Kampuni moja, Van's Aircraft, inauza vipande vya ndege ambavyo mtu anaviunga mwenyewe, na ndege zaidi ya 10,000 za namna hiyo zimekwisha ruka. Hii ya ndugu zetu ni ya kampuni nyingine, Zenith, ya jimbo la Missouri. Inaitwa CH 701. Iliyochorwa na injinia Chris Heintz, imetengenezwa kwa ajili ya viwanja vifupi na vibaya. Ina viti viwili, bega kwa bega. Mabawa yake ni mazito kwa unene, yana kipande cha bati mbele kinachosaidia hewa kushika hata ndege ikienda polepole. Inaweza kuondoka chini kwa mita makumi machache tu. Ukisikia hivyo, unaona kama imetengenezwa kwa ajili yetu.

Inakuja katika masanduku. Ndani kuna bati za aluminiamu, nyembamba, nyingine hazifiki nusu milimita. Kuna mabomba, nyaya za chuma, buloni, na kitabu cha michoro. Sheria yao inasema mtu binafsi ajenge sehemu kubwa ya ndege kwa mikono yake, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, siyo kiwanda kumfanyia. Ndiyo maana wanasema asilimia 51. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Kazi yenyewe inakwenda namna gani?

Tuwaeleze vizuri, maana mafundi wetu wa bati na wa boti wataelewa haraka kuliko sisi.

Bati mbili zinawekwa pamoja, zinatobolewa. Kabla ya kufunga kabisa, zinashikwa na vibanio vya muda, vidogo kama kidole, tundu kwa tundu. Halafu zinafunguliwa tena. Kila tundu linalainishwa ukingo wake, pande zote mbili, maana ukingo wenye meno ndipo ufa unapoanzia. Ufa mdogo leo, baada ya mitetemo ya masaa mia ni bati limepasuka. Halafu wanapaka rangi ya kuzuia kutu mahali bati zinapogusana. Ndipo zinarudishwa, zinafungwa kwa riveti, yaani vile vijiti vifupi vinavyobanwa kwa chombo cha mkono mpaka vinashika. Ndege hii ina riveti kwa maelfu. Riveti ikikaa upande, hakuna kusema "itashika tu". Inatobolewa, inatolewa, inawekwa nyingine.

Buloni nazo zina sheria yake. Hakuna kukaza kwa kusikia mkono. Kuna ufunguo unaopima nguvu, na kitabu kinasema nguvu ngapi. Ukikaza kidogo, inalegea. Ukikaza sana, umeivuta mpaka imechoka ndani, na kwa nje huoni. Ikishakazwa, wanachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye bati. Siku mstari ukikatika, unajua nati imezunguka. Na nati zile za kushika usukani haziachwi hivihivi, zinapitishwa kipini au waya wa kuzifunga zisizunguke.

Na jambo ambalo lilitushangaza kuliko yote ni daftari. Kila siku mjenzi anaandika tarehe, kipande gani, masaa mangapi, nini kilikwenda vibaya, alitengeneza namna gani. Anapiga picha. Mwenzake mwenye ujuzi anakuja kutazama kabla bawa halijafungwa, maana likifungwa hakuna atakayeona tena ndani. Ndege ya namna ya Van's inaweza kula masaa 1,500 au 2,000 ya mtu mmoja. Hii ya Zenith ni rahisi zaidi, lakini bado ni mamia ya masaa. Ndugu zetu wameandika yote. Walitutumia picha za daftari lao. Tunasema wazi mbele yenu: ni kazi safi. Hakuna fundi hapa ambaye angeona aibu kuweka jina lake juu yake.

Kwa hiyo, anayesema tunakataa ndege juu ya kudharau kazi ya Wakongomani, huyo hajatusikia. Na tusisahau kwamba mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika ya Kusini waliunga ndege ya viti vinne aina ya Sling, iliyotengenezwa kwao kulekule, kwa majuma matatu tu, na ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo. Mwafrika anaweza. Hilo si swali. Lakini angalieni pia: vijana wale walikuwa karibu na kiwanda chenyewe, walisimamiwa na mafundi wake, na ndege ya pili yenye marubani wazoefu iliwafuata njiani. Swali letu ni nini kitaifuata ndege yetu.

Tupime kilo

CH 701 ikiwa tupu ina karibu kilo 260. Uzito wote unaoruhusiwa kuondoka nao ni karibu kilo 500. Maana yake unabaki na kilo kama 235 za kugawana. Tangi zikijaa ni lita 76 hivi za esanse, yaani kilo kama 55. Rubani mwenye kilo 75. Zimebaki kilo 105. Humo utie mama mjamzito mwenye kilo 70. Zimebaki kilo 35. Nani atakwenda naye? Hakuna kiti cha tatu. Shangazi yake atabaki. Mkunga atabaki. Mama atakaa wima kwa mkanda, bega lake likigusa bega la rubani, na karibu yake kuna usukani. Akipata uchungu angani, akashika ule usukani, nani atamtoa mkono? Hawezi kulala. Anayetoka damu hawezi kulala. Mtu aliyevunjika kiuno hawezi kulala. Wale hasa tuliowafikiria ndio ambao ndege hii haiwezi kuwabeba.

Na ndege haipandi bure. Ziwa letu liko mita zaidi ya 770 juu ya bahari. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya juu ni nyepesi zaidi. Moteri isiyosukumiwa hewa inapoteza nguvu kama asilimia tatu kila unapopanda mita 300. Nyuma yetu kuna milima ya Itombwe ambayo vilele vyake vinapita mita 3,000. Kile kiwanja cha mita makumi machache mnachokiona kwenye video ni cha chini karibu na bahari, asubuhi yenye baridi, mtu mmoja ndani. Saa saba mchana hapa kwetu, watu wawili na tangi zimejaa, ni hesabu nyingine.

Moteri na esanse

Moteri wanayotaka ni Rotax 912, ya Austria. Ni moteri nzuri. Ina silinda nne, kila silinda ina buji mbili, na njia mbili za kuwasha. Kabla ya kuruka rubani anazima njia moja, anasikiliza, anairudisha, anazima ya pili. Ikifa moja angani, nyingine inaendelea. Tena haihitaji esanse ya ndege, inakubali esanse ya gari. Hapo vijana walipiga makofi tulipowaambia mara ya kwanza.

Lakini ni esanse gani? Ile ya farasi 80 inataka angalau oktani 90, ile ya farasi 100 inataka 95. Safi, isiyo na maji. Ninyi mnajua esanse yetu inavyofika: kwenye pipa, halafu bidoni, halafu chupa kando ya barabara. Imepita mikono mitano. Nani ameipima? Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini ya tangi, na tangi inanywa kutoka chini. Boti ikinywa maji, inazima, tunapiga kasia. Ndege haina kasia.

Kitabu cha moteri hii, kwa zile zisizo na cheti cha ndege za biashara, kimeandika bila kuficha kwamba moteri inaweza kusimama ghafla, na kwamba usiruke mahali ambapo ikisimama huwezi kutua salama bila moteri. Watengenezaji wenyewe wamesema hivyo. Sasa tutazame njia yetu. Upande wa mashariki ni ziwa lenye kina cha mita 1,470 pale lilipo refu. Upande wa magharibi ni milima na msitu. Katikati ni ukanda mwembamba wenye mihogo, nyumba na watoto. Tuonyesheni mahali pa kutua bila moteri kati ya Ubwari na Baraka. Sisi tumepita kwa miguu na kwa boti, tumepatafuta.

Kuitunza ni kazi kuliko kuijenga

Hapa ndipo tunaomba hasa wafadhili wasikilize, maana zawadi nyingi zimekufa hapa. Kisima kimekufa juu ya kiraka cha mpira. Mashine ya kusaga imekufa juu ya mkanda. Ndege nayo ina mpira na mikanda yake.

Moteri ya Rotax inataka oili ibadilishwe kila masaa 100, na chujio lake likatwe, lifunguliwe, litazamwe kama lina chembe za chuma. Kabureta zake mbili zinalinganishwa kwa vipimo, zisije moja ikavuta kuliko nyingine, moteri ikatetemeka. Tiyo zote za mpira, za esanse, za maji, za oili, zinatolewa na kuwekwa mpya kila miaka mitano, hata kama ndege ililala bandani haikuruka hata saa moja. Mpira unazeeka kwa jua, na jua letu mnalijua. Kila mwaka ndege nzima inafunguliwa vifuniko, inakaguliwa kuanzia pua mpaka mkia. Kule Marekani aliyeijenga anaweza kupata cheti cha kufanya ukaguzi huo mwenyewe, lakini kwa ndege yake ile tu aliyoijenga. Kazi ya asilimia 51 ndiyo iliyompa haki hiyo. Sisi tutakaoipokea hatukuijenga. Macho yao hayatakuja ndani ya kontena.

Na kipande kikivunjika? Buloni ya ndege siyo buloni ya sokoni. Kwa macho zinafanana kabisa, lakini nguvu zake hazifanani. Kitu cha dola mbili kinaweza kuisimamisha ndege miezi mitatu kikingoja kupita duani. Wakati huo ndege iko wapi? Inataka banda lenye paa, lenye mlinzi. Panya wanapenda nyaya. Nyigu wanapenda kale kabomba kanakopima mwendo, wanajenga nyumba ndani, na rubani hajui tena anakwenda kasi gani.

Sheria

Ndugu, tusidanganyane hapa. Kule kule Marekani, ndege ya kujijengea hairuhusiwi kubeba mtu wala mzigo kwa malipo. Lazima iwe na maandishi ndani, mbele ya abiria, yanayomwambia kwamba ndege hii imejengwa na mtu binafsi na haifuati sheria za usalama za ndege za kawaida. Ikimaliza kujengwa, inaruka kwanza masaa 25, au 40 kama moteri na panga lake havina vyeti, katika eneo lililopangwa, bila abiria, mpaka tabia yake ijulikane. Na cheti chake si kile kinachokubaliwa na nchi zote chini ya mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kila nchi inayoingia lazima iitolee ruhusa ya pekee.

Kwetu kuna sheria ya usafiri wa anga, namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na kuna mamlaka ya leta inayoisimamia. Ndege iliyoingia bila makaratasi ni shida. Na katika mkoa wetu, mahali ambapo watu wenye silaha hawajaisha msituni, ndege ndogo isiyojulikana inayopita chini chini juu ya milima haitaonekana kama gari ya wagonjwa. Nani kati yetu atampandisha mtoto wa mwenzake humo?

Hatari ya mkono wa pili

Mwaka 2012 ile ofisi ya Marekani inayochunguza ajali ilitoa uchunguzi juu ya ndege hizi. Ndege za kujijengea zilikuwa karibu moja ya kumi ya ndege ndogo zao, lakini zilileta kama asilimia 21 ya ajali zilizoua mwaka 2011. Sababu kubwa ni moteri kufa na rubani kushindwa kuishika ndege. Na zaidi ya nusu ya ndege zilizoanguka mwaka ule hazikuwa mikononi mwa aliyezijenga. Zilikuwa zimenunuliwa na mtu wa pili.

Mtu wa pili ndiye sisi. Aliyejenga anajua kila riveti, anajua sauti ya moteri ikiwa nzima na ikiwa na homa. Mtu wa pili anapokea rangi nzuri na funguo.

Sasa tunasema nini?

Tumesikia sauti nyuma: "Basi tuache watu waendelee kufa juu ya maji?" Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kusema ndege ni mbaya. Ndege si mbaya. Ila haifai kwa kazi hii, mahali hapa. Tusipoleta kingine, tumesema maneno tu. Kwa hiyo komisheni inaleta mambo manne, myakubali au myakatae.

La kwanza. Tuwaandikie ndugu zetu kwa heshima: maliza ndege yenu, muiandike kwa jina lenu, muipeleke angani kule ambako ina mafundi, vipande na sheria yake. Siku ikiruka, tutumieni picha, tutaibandika ofisini. Watoto wetu waione, wajue mikono iliyojenga ile ndege iliwahi kujenga nyumba za matofali ya udongo kambini. Hiyo ni zawadi tayari, na haianguki.

La pili. Pahali pa kontena la ndege, watuletee sanduku la vyombo na majuma matatu ya mafunzo siku watakapokuja kutembea. Ufunguo wa kupima nguvu. Vibanio. Chombo cha riveti. Vipimo vya kabureta. Vijana wetu waliosoma ufundi Nyarugusu wana vyeti, wengi wanauza mkopo wa simu. Fundi anayejua kufunga bati la ndege anaweza kutengeneza paa la shule, tangi la maji, na mlango wa jokofu la chanjo kwenye santre ya afya. Hiyo elimu itabaki.

La tatu, na hili ndilo kubwa. Ile sheria ya ndege tuilete kwenye boti yetu, kuanzia juma hili. Boti ya muungano ina moteri moja. Ndege ya farasi 80 ina njia mbili za kuwasha, sisi tunapeleka mama kwenye mawimbi usiku na buji zile zile za mwaka jana. Tunapendekeza hivi:

Boti iwe na daftari. Kila safari iandikwe: tarehe, nahodha, waliopanda wangapi, esanse kiasi gani, moteri ililalamika nini.

Kabla ya kuondoka, esanse ipitishwe kwenye chujio na ichotwe kidogo kutoka chini ya tangi, iwekwe kwenye chupa nyeupe, itazamwe. Maji yakionekana, boti haitoki, hata kama anayengoja ni mkubwa.

Oili ichanganywe kwa kipimo cha kitabu cha moteri, siyo kwa jicho.

Ule mkojo wa moteri, maji yanayotoka pembeni, utazamwe kila dakika. Mchanga wa pwani yetu unakula ile panga ndogo ya mpira inayovuta maji. Iwe na ya akiba ndani ya boti, pamoja na buji mbili, ufunguo, tochi na kamba.

Buloni za moteri zipigwe mstari wa rangi. Mstari ukikatika, nahodha ataona hata kabla ya kusikia.

Kila aliyepanda avae jaketi la kuelea. Wamama kwanza, siyo wakubwa kwanza.

Na mwishoni, moteri ya pili, ndogo, ya farasi 15, ibaki imefungwa pembeni kwa siku ile kubwa itakapokufa. Hapo ndipo tunawaomba wafadhili. Pesa zilizofikiriwa kwa moteri moja ya ndege zinatosha kununua hii, na vipande vyake, na majaketi, na zitabaki. Mtunza hazina ana hesabu yenye bei za mafundi watatu, kila mwanachama anaweza kuisoma mezani kwake.

La nne. Kuna mashirika ambayo tayari yanarusha ndege ndogo mashariki ya nchi yetu, yana marubani waliosomea, mafundi, vyeti na redio. Kwa mgonjwa ambaye boti haimwezi, komite iandike sasa, siyo siku ya msiba, kuuliza masharti yao: nani anapigiwa simu, kiwanja gani kinakubalika, dokta gani anatia sahihi. Jibu likifika, libandikwe katika kila santre ya afya.

Wapendwa, ndege iliyojengwa katika gereji haishikwi angani na bati peke yake. Inashikwa na mtu aliyelala saa sita usiku juu ya kurudia riveti ambayo hakuna angeiona. Tukiweza kuwa na mtu wa namna hiyo kwenye boti yetu, mmoja tu kwa kila safari, wamama wengi watafika hopitali wakiwa hai.

Daftari tumelinunua tayari. Liko hapa mezani, bado ni jeupe. Tunaomba Bwana Prezida afungue maswali, halafu kura ipigwe kwa mambo haya manne, moja moja. Na nahodha, ambaye safari yake inayofuata ni kesho asubuhi, tunamwomba aje mbele achukue lile daftari na ile chupa nyeupe kabla hatujatawanyika.